Yusuf bin Hasan, sultani aliyebatizwa bila kuulizwa

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika habari nyingine kabisa, lakini yametufika mambo nyumbani, na kalamu haikukubali kwenda kwingine. Mwenyewe anayehusika amenipa ruhusa ya kuyasema, mradi nisimtaje jina.

Mtoto wa binamu yangu, kijana wa miaka 31, ana kazi yake na kodi ya nyumba analipa mwenyewe, alimwambia mamake kwamba amekuwa Mkatoliki. Alibatizwa usiku wa mkesha wa Pasaka, hapa hapa Mombasa, baada ya kuhudhuria mafundisho kwa zaidi ya mwaka mzima bila sisi kujua. Tulidhani kuna mwanamke aliyemvuta. Hakuna. Tukadhani kuna aliyempa pesa. Hakuna. Kijana amesoma, amefikiri, ameamua.

Kikafanywa kikao cha ukoo baada ya Isha kwa ami yetu mkubwa. Wanaume tulikaa barazani, wanawake ndani, mlango umeachwa wazi ili nao wasikie. Wako waliotaka akatwe, asiitwe kwa harusi wala kwa maziko. Wako waliosema kijana amefanyiwa, apelekwe kisomo. Mamake alikuwa ndani, hakusema neno. Maneno yalipokuwa makali, ami, ambaye umri wake umepita themanini, akatuambia tusitaharuki. Hata Sultani Yusuf wa Mombasa, alisema, alikuwa Mkatoliki, na jina la Kireno na mke wa Kikristo, na mwisho wake alirudi. Basi na huyu atarudi. Watu wakacheka, kahawa ikapita, kikao kikaisha.

Mimi sikucheka. Kisa cha Yusuf bin Hasan nakijua tangu shuleni, na nilipokuwa nikisomea diploma nilikirudia kwa kirefu. Kwa hiyo niliporudi nyumbani usiku ule nilitoa daftari zangu za zamani nikasoma tena. Naomba tukipitie pamoja, kwa sababu sote tunapita chini ya ukuta wa Ngomeni kila siku na wachache wetu tunajua kisa hiki mpaka mwisho.

Yusuf hakuwa wa ukoo wa masultani wa kale wa Mombasa. Alikuwa wa nyumba ya Malindi. Wareno walipofika pwani yetu mwaka 1498, Mombasa iliwakataa na Malindi ikawapokea. Kwa karibu miaka mia moja baadaye miji hii miwili iliishi na matokeo ya siku zile. Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505, ikachomwa tena mwaka 1528, na mwaka 1589 ikavunjwa nguvu kabisa, ikishambuliwa na Wareno upande wa bahari na Wazimba upande wa bara. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome ile tunayoiita Fort Jesus, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Rafiki yao wa Malindi wakamhamishia Mombasa awe sultani chini ya ulinzi wao. Huo ndio ufalme aliourithi Hasan bin Ahmad, babake Yusuf.

Urafiki ule haukumfaa Hasan. Aligombana na mkuu wa ngome, na mwaka 1614 alipoona maisha yake yamo hatarini alikimbilia bara, upande wa Rabai, kwa watu ambao Wareno waliwaita Musungulo. Aliwaamini. Lakini mkono wa ngome ulikuwa umeshafika kule kabla yake na hongo ilikuwa imeshatolewa. Waliompa hifadhi ndio waliomuua. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Goa, India, kwenye makao makuu ya utawala wa Wareno huku Mashariki.

Hasan aliacha mtoto wa kiume wa miaka kama saba. Naye pia alipelekwa Goa.

Hapa naomba tutue kidogo. Mtoto wa miaka saba, babake ameuawa kwa njama ya wageni, anapakiwa katika merikebu ya wageni wale wale na kuvushwa bahari hadi mji ule ule kilikopelekwa kichwa cha babake. Huko akawekwa mikononi mwa watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino wamlee na kumsomesha. Hatuna haja ya kudai kwamba walimtesa. Inawezekana walimpenda, maana mtoto yatima huwaingia watu moyoni. Alifunzwa Kireno na adabu za Kireno, akabatizwa, na jina lake likawa Dom Jerónimo Chingulia.

Nani alimuuliza kama anataka? Baba alikuwa kaburini. Ukoo ulikuwa ng'ambo ya bahari. Dini aliyopewa ilikuwa dini ya mikono iliyomlisha, na mikono hiyo haikuwa mbali na ile iliyomlipa muuaji wa babake. Nasema haya bila kuutukana Ukatoliki. Hata sisi Waislamu historia yetu ina watoto waliochukuliwa kwao wakapewa majina yetu. Anayekataa hilo na asome habari za watumwa wa pwani hii.

Alikua, akawa kijana hodari. Alihudumu katika merikebu za vita za Wareno na huko akajifunza mizinga na mbinu za baharini, elimu ambayo baadaye ilikuja kuwagharimu waliomfundisha. Alioa mke Mkristo wa huko Goa. Alipewa cheo cha Shirika la Kristo, heshima kubwa ya kifalme ya Ureno. Kwa macho ya Goa, mtoto wa Mombasa alikuwa amegeuka kuwa Mreno kamili, na ikaonekana wakati umefika wa kumrudisha akatawale kwao.

Mwaka 1626 akakaa kwenye kiti cha babake, umri wake haujafika miaka ishirini. Mwaka uliofuata barua ya utiifu ilikwenda kwa Papa Urbano wa Nane kule Roma, kwa jina la mfalme Mkristo wa Mombasa na Malindi. Huenda Wareno waliona wamemaliza kazi. Wana mfalme wao, anayeimba nao kanisani, na kwa kupitia kwake watu wa pwani watafuata.

Sasa mfikirie mwenyewe ndani ya mji. Kwa watu wa Mombasa alikuwa mtoto wa sultani wao, lakini alikula wasichokula na akaswali wasikoswali. Alizungumza na padre kwa ulaini zaidi kuliko alivyozungumza na wazee wa mji. Walimheshimu kwa nasaba lakini hawakumkaribia. Kwa wakuu wa ngome, huyu alikuwa mwenyeji aliyevishwa nguo nzuri. Cheo chake cha Goa hakikumkinga na dharau ya afisa aliyekuja kutafuta faida. Mkuu wa ngome wa mwisho kugombana naye aliitwa Pedro Leitão de Gamboa. Kwa mji Yusuf hakuwa Mwislamu, na kwa ngome hakuwa Mreno. Nyumba mbili, na zote mbili amesimama mlangoni.

Masimulizi yaliyobaki yanasema alikuwa akienda kwa siri kwenye kaburi la babake na kuomba kwa namna ya Kiislamu. Kuna aliyemchungulia, na habari zikafika ngomeni. Kwa Mkristo aliyebatizwa, jambo hilo halikuwa dogo siku zile. Goa ilikuwa na mahakama ya Inkwizisheni tangu 1560, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka waliotuhumiwa kuiacha imani, na adhabu zake zilijulikana na kila mtu aliyelelewa mji ule. Yusuf alilelewa mji ule. Alijua kinachomngoja ikiwa atapelekwa huko.

Hakungoja. Tarehe 16 Agosti 1631, siku moja baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kumzuru mkuu. Akamuua Gamboa. Watu wake wakawamaliza walinzi, na ngome iliyojengwa kuitisha pwani nzima ikawa mikononi mwa mwana wa Hasan kwa siku moja. Akatangaza kwamba yeye ni Mwislamu, jina la Jerónimo akalitupa, akawa tena Yusuf.

Barazani kisa huishia hapa. Hapa ndipo ami alipoishia, na hapa ndipo watu walipocheka. Lakini kisa hakikuishia hapa, na haki haituruhusu kukikata.

Nje ya ngome, katika njia ile tunayoiita Ndia Kuu, waliishi familia za Wareno pamoja na Wakristo wenyeji. Walikimbilia nyumba ya watawa wa Augustino. Walitolewa wakauawa. Hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo mapadre, wanawake na watoto. Wakristo wa rangi yetu na lugha yetu wakapewa hiari mbili, waache dini yao au wafe. Wako waliosilimu. Wengine walipelekwa Arabuni kuuzwa. Na wako waliokataa wakauawa, na miongoni mwao alikuwamo jamaa wa Yusuf mwenyewe, ambaye naye alibatizwa akaitwa António. Kanisa Katoliki linawakumbuka watu hawa hadi leo kama mashahidi wa Mombasa.

Nilipofika hapa usiku ule nilifunga daftari. Kwetu tumezoea kumhesabu Yusuf kuwa shujaa aliyelipiza damu ya babake na kuinua kichwa cha Mwislamu mbele ya Mreno. Sikatai kwamba Wareno walitudhulumu, na sikatai kwamba damu ya Hasan ilikuwa ikidai. Lakini wale wenyeji wa Ndia Kuu hawakumuua Hasan. Wengi wao walikuwa watumishi, watumwa, wake za watu. Sijidai kwamba wote waliingia Ukristo kwa hiari yao. Wako bila shaka waliobatizwa kwa sababu bwana wao aliamuru. Lakini siku ile waliulizwa, upanga uko shingoni, na baadhi yao walijibu kwamba hii sasa ni dini yao. Jibu lile halikuwa la bwana wao. Lilikuwa lao.

Na aliyewauliza ni mtu aliyejua kuliko yeyote katika mji huu maana ya kutiwa dini kwa nguvu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Yaliyomfika akiwa mtoto aliwatendea wengine alipokuwa mkubwa. Dini yetu imekataza kulazimishana, na kila mtoto wa madrasa anaijua aya hiyo. Yusuf hakupata kusoma madrasa yetu, lakini waliokuwa naye siku ile walisoma.

Kilichofuata hakikuwa cha furaha. Mwanzoni mwa 1632 Goa ilileta kikosi cha merikebu chini ya Francisco de Moura. Yusuf aliwapiga kwa mizinga yao wenyewe na kwa ujuzi waliompa wenyewe, nao wakashindwa kuichukua ngome. Lakini alijua watarudi, na msaada wa kutosha haukuja kutoka upande wowote. Mwezi wa Mei mwaka huo huo aliivunja ngome kadiri alivyoweza, akachukua merikebu alizoteka, akaondoka. Wareno waliporudi Agosti hawakukuta wa kupigana naye.

Waliobaki ndio waliolipa. Ukisimama mbele ya lango la Fort Jesus utaona maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe. Yanamsifu mkuu mmoja wa ngome, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika kazi mwaka 1635, na yanajivunia jinsi alivyoadhibu miji ya pwani, Pate na Siyu zikiwemo, hadi kuta kubomolewa. Wageni hupiga picha chini ya jiwe lile wakaingia ndani. Ni orodha ya adhabu zilizowashukia watu wetu.

Yusuf mwenyewe hakukaa Mombasa tena. Aliishi baharini, mara Arabuni, mara Komoro na Bukini, akiwawinda Wareno kwa merikebu na akiwindwa. Alifariki mwaka 1638 upande wa Bahari ya Shamu, mbali na kaburi la babake. Ukihesabu, alikuwa na miaka kama 31. Wareno hawakuweka tena sultani wa nyumba ya Malindi hapa Mombasa. Ngome waliikalia hadi 1698, ilipoanguka kwa Waomani baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu.

Miaka 31. Umri wa kijana wetu.

Ndipo nilipoona kwa nini mfano wa ami haukunituliza. Ami alitaka kutuambia kwamba anayekwenda kwao hurudi. Lakini Yusuf hakwenda. Alipelekwa. Alirudi kwa sababu ile dini haikuwahi kuwa yake, na kurudi kwake kuliwagharimu roho watu ambao kwao ilikuwa yao. Ukitaka mfano wa kijana wetu katika kisa kile, usiutafute kwa Yusuf. Utafute kwa wale walioulizwa.

Jirani yangu mmoja Mkatoliki alinieleza jinsi mtu mzima anavyoingizwa kanisani kwao. Kuna kipindi cha mafundisho, wenyewe wanaita ukatekumeni, ambacho kwa kawaida huchukua miezi mingi, na unaweza kuondoka wakati wowote. Siku ya ubatizo unaulizwa mbele ya watu kama unaamini, na jibu linatoka kinywani mwako mwenyewe. Hakuna wa kukujibia, kama wanavyojibiwa watoto wachanga. Nilimsikiliza huku nikimfikiria yule mtoto wa miaka saba kule Goa.

Mimi si sheikh na siandiki fatwa. Masheikh wetu wana lao la kusema juu ya mtu kutoka katika Uislamu, na si kazi ya safu hii kubishana nao. Wala sitajifanya nimefurahi. Nimeumia. Kijana huyu nilimshika mkono nikampeleka chuoni mara ya kwanza, na Ramadhani ikija nitaliona pengo lake kwenye jamvi la futari. Namwombea dua, na dua yangu mnaijua ni ipi. Lakini kumwombea ni jambo moja, na kumfungia mlango ni jingine. Mlango uliofungwa haujamrudisha mtu.

Juzi nilimpigia simu nikamwomba tuonane. Tulikutana pale nje ya Ngomeni, chini ya mti, akanipa shikamoo kama kawaida yake. Nilimuuliza jambo moja tu, kama alichofanya kimetoka moyoni mwake au kuna aliyemlazimisha. Alinitazama machoni akasema ni yeye mwenyewe. Kisha akaniuliza kuhusu mamake, kama presha yake imeshuka, kama anakula. Alisema amempigia mara nyingi na simu haipokelewi. Alisema hakuomba tukubali dini yake. Anaomba tu asizuiwe kumwona mamake.

Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa binamu yangu. Alikuwa jikoni. Nilimweleza kila neno, na nilipofika pale pa presha akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi akalia. Sikumshauri kitu. Nilimwambia tu kwamba Idd inakuja, na kwamba kwa miaka yote kijana yule ndiye anayebeba sinia la pilau kupeleka kwa majirani.

Hakunijibu. Lakini nilipokuwa navaa viatu mlangoni alinifuata, akaniuliza kama mwanawe amekonda. Nikamwambia amekonda kidogo. Akasema nimwambie aje, aje na mapema, sinia haliwezi kujibeba lenyewe.

Nimeshamwambia. Kwa ami nitakwenda Ijumaa baada ya swala, nikamsimulie kisa cha Yusuf mpaka mwisho wake.